Diwani Stancliffe Anatangaza Maslahi

Diwani Glenys Stancliffe alipanda ngazi za ukumbi wa halmashauri ya Calderthorpe akiwa hoi, na kikao hata hakijaanza. Ilikuwa Jumatano, saa kumi na mbili kasorobo jioni, na jua la Juni, kama kawaida ya nchi zile za kaskazini, bado liko juu. Alikuwa amechoka tangu Jumapili. Ukitaka kusema kweli, alikuwa amechoka tangu mwaka juzi, mumewe Roy alipoanza kuweka viatu kwenye jokofu na kumuuliza kwa adabu yeye ni nani na anamtafuta nani. Miaka ishirini na miwili ya udiwani haikuwahi kumchosha hivyo, na udiwani wenyewe, jamani, si lelemama. Ni kukaa kwenye kiti kigumu ukisikiliza watu wazima wakigombania mapipa ya taka na kinyesi cha mbwa, na mwisho wa yote unaambiwa suala limeahirishwa mpaka mwezi ujao.

Leo lakini kulikuwa na jambo. Ajenda ya saba ilikuwa kukifunga kituo cha wazee cha Kiln Lane, na Kiln Lane ndiko Roy alikoshinda kila Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Basi dogo lilimchukua asubuhi, likamrudisha alasiri akiwa ameshiba viazi na mchuzi wa nyama, ameimba, ametaniwa, amechoka vizuri. Siku tatu hizo Glenys alifua, alilala, alisoma makaratasi ya halmashauri, alikaa jikoni bila kuangalia mlango. Binti yao aliyeko Kanada alikuwa ameshasema wazi kwenye simu kwamba kituo kikifungwa, baba apelekwe kwenye makao ya wazee akakae moja kwa moja. Daktari naye alikuwa amemwachia Glenys fomu mezani. Alizifunika kwa gazeti. Alijijua mwenyewe: bila zile siku tatu hafiki mwisho wa mwaka, na Roy atatolewa kwenye nyumba aliyoipaka rangi kwa mikono yake.

Hesabu ya kura aliijua kama jina lake. Kamati ilikuwa na watu tisa. Watano wa chama chake, pamoja na yeye, walitaka kituo kibaki. Wanne wa upande wa pili, pamoja na mwenyekiti, walitaka kifungwe. Watano kwa wanne, kazi imekwisha.

Ila kuna utaratibu. Diwani ambaye jambo linaigusa nyumba yake kuliko nyumba za wengine lazima atamke mbele ya kikao, na jambo lenyewe likifika, anyanyuke atoke nje mpaka limalizike. Wao huuita kutangaza maslahi. Na ukijua mapema kwamba utatoka, unampelekea karani jina la diwani mwenzako akukalie kiti na kupiga kura, mwisho saa sita mchana siku ya kikao. Ni karatasi moja tu, na Glenys alishawahi kuijaza mara nyingi.

Safari hii hakuijaza. Hakuijaza kwa sababu alikuwa amekata shauri kunyamaza. Pale halmashauri walijua Roy ana goti bovu, basi. Ugonjwa wa kusahau hakumwambia mtu, maana Roy alikuwa mwalimu wa nusu ya mji ule na hakutaka wamwonee huruma. Kuomba mtu amkalie kiti kungetaka aeleze kwa nini, na kueleza hakuweza. Kwa hiyo atakaa, atanyoosha mkono, ataondoka. Ndivyo alivyojiambia Jumapili, na Jumatatu, na asubuhi ile alipokuwa akimfunga Roy vifungo vya shati. Saa sita mchana ilipita akiitazama saa ya ukutani.

Kwenye meza ya chai nje ya ukumbi alimkuta mwenyekiti wa kamati, Gerald Tunnicliffe, mtu mnene wa chama kile kingine, anachovya biskuti. Walikuwa wamepigana vikumbo kwenye kamati ile tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Tunnicliffe alimmiminia chai bila kumuuliza, akatia maziwa kiasi chake. Halafu akasema taratibu, macho kwenye kikombe, kwamba majira ya baridi aliwahi kumkuta Roy kituo cha basi amevaa pajama, akampakia kwenye gari akamrudisha nyumbani.

"Hukuniambia," Glenys akasema.

"Nikuambie nini? Sikumbuki kitu." Akamega biskuti. "Nenda kaketi, Glenys. Hakuna atakayekuuliza, na mimi sitasikia lolote. Nitashindwa kwa kura moja, nitanuna, nitakwenda zangu nyumbani kula."

Ebo! Adui wa miaka ishirini anakwambia hivyo, wewe unasemaje? Glenys alisema asante kwa chai. Aliingia ukumbini akakaa mahali pake, karibu na Shazia Lodhi, kiongozi wa chama chao pale halmashauri, mwanamke mkali nusu ya umri wake, ambaye alikuwa ameshahesabu kura mara tatu na alikuwa anatabasamu.

Saa kumi na mbili kamili mwenyekiti akagonga meza. Viti vya wananchi vilikuwa vitupu. Karani, Bwana Pettifer, akasoma ajenda ya kwanza, waliotoa udhuru, hakuna. Kisha akasoma ya pili kwa sauti yake ileile ya kila mwezi, kwamba mjumbe yeyote mwenye maslahi katika jambo lolote la leo ayatangaze sasa. Hakunyanyua hata macho.

Sasa sikia. Kwa miaka ishirini na miwili, kila sauti ile iliposema maneno yale, Glenys alikuwa na la kutangaza. Alitangaza kwamba ni mwanachama wa kwaya, siku ya kujadili ukumbi wa kwaya. Alitangaza kwamba ana kishamba cha kupanda vitunguu karibu na njia iliyotakiwa kupanuliwa. Alitangaza kwamba mpwa wake anafundisha chekechea. Wenzake walimcheka, wakasema Glenys siku moja atatangaza kwamba anavuta hewa ya mji. Mkono wake ulikuwa umezoea. Pettifer alipomaliza sentensi, mkono ukawa uko juu, na Glenys akajisikia akisema, kwa sauti safi kabisa, kwamba ajenda ya saba inamhusu, kwani mume wake anahudumiwa Kiln Lane siku tatu kwa wiki, na kwamba atatoka nje.

Kalamu ya Pettifer ilisimama. Tunnicliffe akafumba macho kidogo, akayafumbua. Akasema asante, diwani, imeandikwa. Na ikishaandikwa imeandikwa, hapo hapana kurudi nyuma.

Shazia alimvuta mkono wa sweta chini ya meza.

"Kwa nini hukuniambia jana?" akanong'ona. "Hata leo asubuhi tu. Ningemweka mtu kwenye kiti chako, tungeshinda."

"Nilikuwa nimeamua kunyamaza."

"Sasa mbona hukunyamaza?"

Glenys aligeuza ukurasa wa ajenda. Alikuwa na njia mbili za kukiokoa kile kituo, aseme mapema au asiseme kabisa, na yeye akachagua ya tatu, ambayo hakuna mjinga mwingine katika mji ule ambaye angeichagua. Alijiona mpumbavu. Aliona uchovu umemfika mpaka kwenye meno, akatamani kulaza kichwa juu ya makaratasi. Lakini ajenda ya tatu ilikuwa imeshaanza, taa za barabarani, na mtu alikuwa akimuuliza kama anaunga mkono. Aliunga mkono.

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na nusu, wakiwa kwenye ajenda ya tano, mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Waliingia wazee kumi na moja, mmoja mmoja, wengine na vigari vyao vya kuegemea wakitembea, wakihema kwa sababu lifti ilikuwa mbovu na walipanda ngazi. Mbele yao alitangulia Yvonne, msimamizi wa Kiln Lane, ambaye jioni ile alikuwa amewazungukia majumbani na basi dogo, mlango kwa mlango, ili madiwani wawaone kwa macho watu wanaowafungia kituo. Mbele kabisa alikaa Bibi Ivy Braithwaite, miaka themanini na minne, kofia kichwani. Na wa mwisho kuingia, amevaa tai, nywele zimechanwa, alikuwa Roy. Jirani aliyeachiwa amwangalie alimruhusu aende, akidhani Glenys anajua.

Roy alimwona mkewe palepale, akampungia mkono kama mtoto kwenye sherehe za shule. Akamgusa Bibi Ivy begani, na ingawa Glenys alikuwa mbali alijua anasema nini. Anasema yule ni mke wangu.

Wakafika ajenda ya saba. Glenys alikusanya makaratasi yake, akasimama, akarudisha kiti chini ya meza. Kutoka pale mpaka mlangoni ni lazima upite kando ya viti vya wananchi, hakuna njia nyingine. Wale wazee hawakuwako wakati wa ajenda ya pili. Hawakusikia maslahi wala nini. Walichokiona ni diwani wao, waliyempigia kura miaka yote, ambaye kituo chao kilipotajwa tu alisimama akaondoka. Alipompita Bibi Ivy alimsikia akimuuliza Yvonne, bila kupunguza sauti, huyu anakwenda wapi sasa.

Alikaa kwenye benchi nje ya ukumbi, chini ya picha za mameya waliokufa zamani. Mlango ulikuwa mzito, sauti zilipita lakini maneno hayakupita. Alimtambua Yvonne akiongea zile dakika tatu anazopewa mwananchi, akiongea haraka haraka kama mtu anayejua atakatizwa, na akakatizwa. Alimtambua Shazia akifoka. Kisha kimya kirefu, mikono bila shaka iko juu inahesabiwa, kisha sauti nzito ya Tunnicliffe, maneno machache. Glenys aliijua ile sauti. Alikuwa ameisikia Tunnicliffe alipomzika mkewe, akisoma kwenye karatasi asije akakwama katikati.

Pettifer alitoka mwenyewe kumwita, jambo ambalo si kazi yake. Alimwambia ni wanne kwa wanne, na mwenyekiti akatumia kura yake ya pili, ile ya kuamua pande zikilingana, kama chama chake kilivyoagiza. Kituo kitafungwa mwisho wa mwezi wa nane. Kisha akamwambia, kwa upole wote aliokuwa nao, kwamba sasa anaweza kurudi ndani, wako kwenye ajenda ya nane.

"Ya nane ni nini?" Glenys akauliza.

"Mapipa ya kinyesi cha mbwa, diwani."

Alisema anakuja. Ila kabla hajanyanyuka mlango ulifunguliwa wote na wazee wakaanza kutoka, taratibu, kila mmoja akimsubiri wa mbele yake. Yvonne alimwona, akageuza uso. Bibi Ivy hakugeuza uso. Alikuja mpaka kwenye benchi akasimama mbele yake na fimbo yake.

"Uliondoka," akasema. "Nimekuona kwa macho yangu. Tulikuhitaji wewe tu, mwanangu, wewe mmoja, ukanyanyuka ukaondoka."

Glenys alifungua mdomo aeleze. Aeleze sheria, aeleze ajenda ya pili, aeleze karatasi ya saa sita mchana ambayo hakuijaza. Kila alilotaka kusema lilikuwa kweli, na kila moja lilizidi kumfanya awe na hatia.

Ndipo Roy akafika, anatembea wima, tai imekaa sawa.

"Hakuondoka, Ivy," akasema kwa sauti ya mwalimu. "Alikwenda kupiga kura. Madiwani hupigia kura huku nje, ndani pana kelele." Akaketi kwenye benchi, akauchukua mkono wa mkewe akauweka kwenye goti lake. Jioni ile alimjua. Kulikuwa na siku hakumjua, lakini jioni ile alimjua vizuri, jina na yote. "Si ulinipigia, Glen? Kituo chetu?"

Bibi Ivy alikuwa bado amesimama pale, anamtazama. Na Pettifer alikuwa pale mlangoni, kalamu mkononi. Glenys, ambaye mbele ya watu hakuwahi kuficha hata kishamba cha vitunguu, alimtazama mumewe usoni.

"Ndiyo, Roy," akasema. "Nilikupigia."

"Basi tumeshinda," Roy akasema. Alisimama akaanza kuwapa mikono wenzake mmoja mmoja pale nje, akiwapongeza kwa majina, na wao, hata Bibi Ivy, wakampa mikono yao, na Glenys akakaa kwenye benchi akimsubiri amalize.