Uzi wa Hirizi

Mwaka wa hamsini na nne, Chirau, mkata miwa wa Ramisi, aliletwa wodini kwetu mguu wa kushoto umevimba, umepiga weusi, baridi kama maji ya mtungi. Daktari aliutazama akasema utakatwa kesho asubuhi, akaniachia mimi, nesi Mwanatumu, kazi ya kumwosha.

Nilipofika gotini Chirau alinishika mkono. Alikuwa amejifunga kitambaa pale, na alimkatalia hata daktari asikifungue.

"Bibi, hapo paache."

"Mimi siogeshi mtu nusu," nikamwambia, nikakifungua.

Ndani mlikuwa na hirizi. Mkewe aliifunga siku mguu ulipoanza kuuma, na mguu ulipovimba, uzi ulizama nyamani, damu ikakosa njia. Chirau aliificha akihofu tutaitupa.

Nilichukua mkasi. Akapiga kelele, "Hiyo ni aya ya Mungu! Huogopi?"

"Aya naiheshimu kuliko wewe uliyekuja nayo mguuni. Ninachokata ni uzi, na uzi ni wa dukani."

Nikasema bismillahi, nikaukata, hirizi nikamfungia mkononi bila kuikaza. Kisha nikauinua mguu juu ya mito miwili, nikawa naupapasa kila saa, kidole kwa kidole, mpaka joto likarudi.

Asubuhi daktari alikuja na karatasi ya kukubali kukatwa. Chirau alilipiga teke blanketi, kwa mguu ule ule, likamwangukia daktari miguuni.