Kisahani cha Mtoto wa Dada

...na bado hajainua jicho kwenye hadubini, dada yangu, ameinama hapo kama anayechungulia tundu la ufunguo, glavu zimempwaya, "Ndiyo hivi?" anauliza, ndiyo dada, ndiyo hivi, vidonge vyeupe vya seli kwenye kisahani cha maji ya lishe, kimoja hakizidi punje ya mchele, nami ndiye ninayevibadilishia maji kila baada ya siku mbili, mume wangu husema vinakula vizuri kuliko yeye... "Na kweli vimetoka kwenye ngozi yake?" vimetoka, ile ngozi tuliyoikata mkononi mwa mwanao akalia mpaka akatapika, na mimi nimemshika miguu, mama mdogo gani mimi, tukazirudisha seli zake utotoni zikawa seli shina, tukazielekeza ziwe ubongo, mwanzo wa ubongo tu, tuone kichwa chake kiligoma wapi kukua tumboni, ndivyo fomu ilivyosema, kurasa tisa, dada hakusoma hata moja, "Nisome nini na wewe upo?" akasaini, maana nilimwambia tunamkuzia ubongo, nikaishia hapo, profesa wangu wa maabara alitaka saini siku ile ile, halafu uso wa dada ulikunjuka, ningeanzaje kuukunja tena... na juzi tulipovipima vikatoka nusu ya ukubwa wa vile vya watoto wazima, tukapiga makofi, jamani, wa kwanza mimi, jaribio limejibu, profesa akanipa mkono, vidogo kama kichwa chake kilivyo, na sasa nasikia haya mpaka masikioni, mtoto mwenyewe yuko pale nje ya kioo, miaka sita, anachezesha miguu kitini, kofia imemfunika nyusi kwa kuwa ya kichwa chake haiuzwi popote... "Mdogo wangu," dada ananong'ona, "operesheni lini?" operesheni gani, nataka kuuliza, lakini naijua, ya kumpandikizia mtoto hivi vidonge, isiyokuwepo, nimeijua miezi minane yote, ameshawaambia majirani, ameshamnunulia mtoto pajama za wodini akanionyesha, nikasema nzuri, nikajiambia masikini hajaelewa, fomu ngumu, uongo mtupu, dada alielewa vilevile nilivyotaka aelewe, mjinga hakuwa yeye... "Nauliza tu, sina haraka," anasema, jicho palepale, "ila ukifika wakati wa kumchagulia, mchagulie kile kikubwa," na mimi navuta stuli, naisogeza nyuma ya magoti yake, akae kwanza, nitamwambia akiwa amekaa.