Kipande Kilichopumzishwa

Kila asubuhi, kabla hajashika fagio, Mama Maziwa alikuwa na kawaida ya kuweka kiganja kwenye ubavu wa kulia wa mtamba wake na kungoja. Ndama akipiga teke, kazi ya kufagia zizi ilianza. Akikawia, fagio nalo lilikawia. Asubuhi hiyo ndama alikuwa ameshapiga teke moja, la uvivu, na mwanamke yule alikuwa akingojea la pili kwa tamaa tu, bunduki ilipolia nyuma ya zizi.

Mtamba aliruka kwa miguu yote minne. Kamba ilikaza, nguzo ikalia, ndoo ya maji ikapinduka.

"Tulia, mwanangu. Tulia, tulia," Mama Maziwa alisema, akimkumbatia shingoni kwa mikono miwili. Alihisi moyo wa mnyama ukigonga kifuani pake kana kwamba ni wake mwenyewe. Labda ulikuwa wake.

Jina la Mama Maziwa alipewa na wateja waliokuwa wakimfuata mlangoni na chupa zao, na waliendelea kumwita hivyo ingawa kwa miezi minne hakuwa na hata kikombe kimoja cha kuwauzia. Ng'ombe wake mkubwa alifukuzwa na mbwa wa wawindaji, akatumbukia mtaroni, akavunjika mguu, akachinjwa papo hapo huku angali akitoa maziwa. Aliyebaki ni huyu mtamba, mwenye mimba yake ya kwanza, ya mwezi wa nane. Daktari wa mifugo alikuwa amemtazama juma lililopita, akanawa mikono, akasema maneno machache: "Asikimbie, mama. Mshtuko mkubwa mmoja tu, mimba itaharibika. Na kwa umri wa mimba hii, huenda ukampoteza yeye pia."

Alitoka zizini na fagio mkononi. Nyuma ya zizi palikuwa na kipande cha shamba chenye nyasi zinazofika kiunoni, na katikati ya nyasi hizo walisimama wanaume watatu wenye bunduki, pamoja na mbwa wanne. Waya wa ua ulikuwa umekatwa, ncha zake zimekunjwa vizuri pembeni, kama kazi ya mtu asiyetaka suruali yake ichanike.

"Shikamoo, mama," alisema yule wa mbele, aliyevaa kofia ya ngozi. Hakuwahi kumtajia jina lake. Nyumbani kwa Mama Maziwa walimwita Kofia.

Mama Maziwa hakuitikia. "Hapa ni kwangu. Mmekata ua wangu."

"Tumeukata, kweli. Tutaufunga tukitoka."

"Ng'ombe wangu ana mimba. Yuko pale, hatua thelathini. Mnapiga bunduki sikioni mwake!"

"Pole sana, mama." Kofia alitoa karatasi mfukoni, iliyowekwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaikunjua kwa adabu. "Lakini sisi si majangili. Kibali hiki, muhuri huu. Miezi mitatu, ndege na wanyama wadogo, kwenye pori huria. Hapa ni pori huria. Ukitaka kugombana, gombana na ramani."

"Pori? Pori lina ua?"

"Ramani mimi sikuichora," alisema Kofia, na wenzake wakacheka, si kwa ubaya, bali kama watu waliolala vizuri. "Kanga wametawanyika saa hizi. Tutarudi jioni wakishuka. Usihofu, tutawashika mbwa."

Mumewe alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha zizi, nyonga yake mbovu ameielekeza kwenye jua. Alikuwa amesikia yote.

"Watarudi jioni," Mama Maziwa alimwambia.

"Nimesikia. Ningekuwa na mguu..."

"Ungekuwa na mguu wangekupiga risasi ya mguu. Kaa na mtamba. Mwimbie, mkoholee, mpigie hadithi zako za uongo, ilimradi asikae peke yake."

"Zangu si za uongo. Ni za zamani."

Mkwe wao, mke wa mtoto wao aliyekwenda mbali kutafuta vibarua vya ujenzi, alimletea viatu vya kutokea. "Mama, vaa hivi. Ofisini wanaanza kukusikiliza kuanzia miguuni."

Katika ofisi ya ardhi alisubiri kwenye benchi lililokosa mguu mmoja, lililoegemezwa kwenye rundo la mafaili. Karani alimsikiliza huku akichonga penseli. Mama Maziwa alipomaliza, karani alimwambia kwamba mambo ya wawindaji ni ya ofisi ya wanyamapori, nyumba ya pili baada ya kisima. Katika ofisi ya wanyamapori kijana wa mlangoni alimwambia kwamba mambo ya mipaka ya shamba ni ya ofisi ya ardhi. Alirudi. Karani alikuwa bado na penseli ile ile, sasa imekuwa fupi.

"Nilikwambia nyumba ya pili."

"Nimetoka huko, baba. Wamesema ni hapa."

"Nani amesema?"

"Kijana wa mlangoni."

"Kijana wa mlangoni ni mlango tu. Mwone afisa mwenyewe."

Afisa wa wanyamapori alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomvunja moyo Mama Maziwa kuliko ukali wowote ambao angekutana nao. Alimpa kiti kizima. Alitandaza ramani mezani, akazuia pembe zake kwa kikombe, stepla na simu yake, kisha akatafuta kwa kidole hadi akalifikia shamba.

"Ni hili?"

Mama Maziwa aliinama. Theluthi mbili za shamba lake zilipakwa rangi ya njano. Theluthi ya tatu ilikuwa kijani.

"Kijani ni pori," alisema afisa. "Sehemu isiyoguswa na jembe kwa misimu miwili mfululizo. Kanuni ndiyo inasema hivyo."

"Tumelipumzisha, mheshimiwa."

"Naam?"

Alimweleza. Shamba lao walikuwa wameligawa vipande vitatu tangu enzi za mama mkwe wake. Viwili hulimwa, kimoja hupumzishwa kwa miaka mitatu, nyasi ziote na kuoza, ng'ombe akatiwe malisho humo na samadi yake irudi humo, kisha zamu ihamie kipande kingine. Ndiyo maana mahindi yao yalikuwa na masuke makubwa wakati ya wengine yalidumaa. Wahesabu mashamba walipopita, mumewe ndiye aliyewatembeza. Aliwaonyesha kipande kile kwa fahari, akawaambia kwamba jembe halijakigusa mwaka wa pili huo, kama vile baba angesema kuhusu mtoto anayefanya vizuri shuleni. Wale vijana waliandika. Fomu yao ilikuwa na visanduku viwili: limelimwa, halijalimwa.

Afisa alisikiliza hadi mwisho. "Mmefanya jambo la busara," alisema. "Kwa bahati mbaya halina kisanduku."

"Basi kitengenezeni."

"Ramani hurekebishwa kila baada ya miaka mitano. Hii ina miezi sita."

"Na hakuna umbali? Mtu anaweza kupiga bunduki mlangoni pa mtu?"

"Umbali upo. Hatua mia mbili kutoka nyumba ya kuishi."

"Nyumba iko mbali zaidi ya hapo, lakini zizi liko karibu kabisa na wanakopigia."

"Zizi si nyumba ya kuishi, mama."

Alitazama mikono yake. Kwenye kiganja cha kulia palikuwa na unyoya mmoja mwekundu wa mtamba. "Mheshimiwa, wanarudi jioni hii. Nikimpoteza huyu, hatuna kitu. Si kwamba tutakuwa na kidogo. Hatutakuwa na kitu."

Afisa alivuta droo. Kisha akafungua kijitabu, akasoma mstari mmoja kimoyomoyo, akakigeuza ili Mama Maziwa naye asome. "Palipolimwa hapawindwi. Hii haingoji ramani. Udongo ukigeuzwa leo, leo hii pameondoka katika pori. Wakibisha, wanipigie simu. Kuandika barua siwezi, barua zinatoka makao makuu, lakini simu nitapokea."

"Mvua ni miezi miwili mbele. Nilime nini?"

"Usipande. Lima tu."

Njiani alipiga hesabu ya mwili, si ya kitu kingine: mikono yake, mikono ya mkwe wake, saa tano za mwanga. Kipande kizima kisingewezekana. Ukanda mmoja ungewezekana, upande wa zizi, wenye upana wa kuwasogeza watu wale mbali kidogo. Nyasi za ukanda huo ndizo alizozitegemea kumlisha mtamba wakati wa kiangazi, kwa sababu bei ya pumba ilikuwa imepanda mara mbili tangu mavuno. Na udongo ulikuwa umebakiza msimu mmoja tu ukamilishe mapumziko yake. Aliyajua yote hayo. Alipofika nyumbani, alivua viatu vya ofisini na kuchukua jembe.

"Wamesema nini?" mumewe aliuliza kutoka zizini.

"Wamesema tulime."

"Tulime nini? Kiangazi hiki?"

"Vumbi."

Mkwe wake alikuwa ameshasikia. Alijifunga kanga kiunoni, akatema mate viganjani. "Mama, mimi niliolewa nikaambiwa hapa kuna shamba lenye rutuba. Sikuambiwa kuna vita."

"Vita vilikuja baadaye. Kata nyasi kwanza, tusipoteze hata shada moja."

Walikata nyasi na kuziegemeza kwenye ukuta wa zizi, kisha wakashika majembe. Ardhi ilikuwa kavu juu na laini chini, nyeusi, yenye minyoo na viota vya mchwa, harufu yake ikiwa ile ya ghala lililofungwa vizuri. Kila Mama Maziwa alipoligeuza bonge, aliona kazi ya miaka miwili na nusu ikigeuzwa tumbo juu kwenye jua kali, na alijizuia asiitazame sana. Mumewe alijikokota hadi pembeni, akaketi juu ya gunia, akawa anavunja mabonge kwa rungu. Kufikia alasiri ngozi ya viganja vya mkwe ilikuwa imechubuka, akaifunga kwa vitambaa na kuendelea.

Jua lilipoanza kulegea, ukanda ulikuwa umekamilika: hatua sitini kwa upana, kutoka ua hadi ua. Mumewe alirudi kwa mtamba. Gari la Kofia lilisimama nje ya waya uliokatwa, ambao hakuna aliyekuwa ameufunga.

"Mama, umefanya kazi ya trekta!" alisema Kofia, akiutazama ukanda ule.

"Palipolimwa hapawindwi. Piga simu kwa afisa."

Alipiga. Alisema "ndiyo" mara tatu na "asante, mkubwa" mara moja. "Ni kweli," aliwaambia wenzake. "Mguu wa mtu usikanyage hapo. Sisi tunafuata kanuni." Wakarudi nyuma ya mstari wa udongo mweusi, wakapiga magoti kwenye nyasi zilizobaki, mbwa wao wamewashika kama walivyoahidi.

Mama Maziwa aliliegemea jembe. Kwa muda mfupi, muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, aliamini kwamba ameshinda.

Kisha kanga walikuja. Walitoka vichakani kwa foleni, wakiinua vichwa na kuviinamisha, wakaingia kwenye udongo uliogeuzwa na kuanza kuchakura. Minyoo, mchwa, mizizi mitamu: kila kitu kilichokuwa kimefichwa chini kilikuwa kimeandaliwa juu. Walikuja ishirini, wakawa thelathini, peupe kabisa, pasipo na unyasi mmoja wa kuwaficha.

"Mama," Kofia aliita kwa sauti ya chini, ya shukrani ya kweli, "hatukuwahi kuwaona hivi. Siku zote tulikuwa tunawatafuta kwa shida."

"Wako kwenye shamba langu! Afisa amesema!"

"Afisa amesema tusiingie. Hatujaingia."

Bunduki ililia. Risasi ilipita juu ya udongo kuelekea upande wa zizi, vumbi likaruka, kanga mmoja akapinduka, wengine wakapuruka hatua chache na kutua tena penye chakula. Kutoka zizini ulisikika mpasuko wa mti, kishindo kizito, na sauti ya mumewe: "Ameanguka! Ameanguka kwa magoti!"

"Amesimama?"

"Anajaribu. Ngoja... amesimama. Anatetemeka mwili mzima. Mama watoto, wasipige tena! Wakipiga tena hatutamweza!"

Hakwenda zizini. Mkwe wake alikwisha kukimbilia huko. Mama Maziwa aliinua jembe begani, akaingia kwenye ukanda, akatembea hadi katikati yake, mbele ya bunduki tatu. Kanga waliondoka kwa kelele.

"Mama, toka hapo!" mmoja wa wenzake Kofia alifoka. "Unataka kufa?"

"Nalima," alijibu.

Akainua jembe na kulishusha kwenye udongo ambao tayari ulikuwa umelimwa. Akaligeuza bonge, akapiga hatua, akaligeuza jingine.

Kofia alishusha bunduki. Hakuonyesha hasira. Alikaa juu ya nyasi, akafungua chupa yake ya chai, akawamiminia wenzake. "Mwacheni mama alime, ni haki yake," alisema. "Kibali chetu ni cha miezi mitatu."

Mama Maziwa alifika kwenye ua, akageuka, akaanza mstari wa pili kurudi. Kila alipojongea upande mmoja, kanga waliteremka upande wa pili, na wale wanaume wakaweka vikombe chini. Alipogeuka na kuwaelekea, ndege wakaruka, na vikombe vikachukuliwa tena. Alipokuwa katikati ya mstari wa nne mkwe wake alitoka zizini na jembe lake, vitambaa vya viganjani vimelowa damu, akaingia kutoka upande wa pili, kule kanga walikokuwa wakitua, na kuanza kulima kumwelekea.