Disketi ya Tata Kabeya

Odile Kalenga alikuwa karani wa kupiga taipu, na kompyuta aliiogopa kama mbwa wa jirani: aliipita kwa adabu, bila kuigusa. Lakini asubuhi ile ya Machi 1993 alikuwa na disketi mkobani, na ilimlazimu kugusa mashine saba.

Disketi alipewa na Kabeya, fundi wa kompyuta wa kampuni yao ya mgodi. Kabeya alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akaoa Kolwezi. Ila babu yake alitoka Kasai, na mwaka ule, Wakasai walipokuwa wakifukuzwa mkoani, hilo lilitosha. Nyumba yake ilivunjwa madirisha, ofisini akapigwa marufuku, na sasa ilikuwa wiki ya tatu analala stesheni na mamia ya wenzake wakingoja treni. Safari hii walihakikishiwa: leo saa kumi jioni inaondoka.

Walichokosa wote ni cheti cha kazi. Mtu aliyetumika mgodini miaka ishirini alikuwa anapelekwa Kasai, asikojua hata njia ya mtoni, bila kitu cha kuonyesha kwamba alikuwa nani. Kabeya alikuwa amemaliza programu ya kutoa vyeti hivyo, kwenye kompyuta ya kuazima. Shida ni kwamba kila idara ilikuwa na kompyuta yake, orodha ya watu wake na printa yake, kwa hiyo programu ilitakiwa kuwekwa kwenye zote saba.

"Mi siko najua bile bitu, tata," Odile alimwambia jana yake pale stesheni, akimwita tata, yaani baba, kwa heshima.

"Hapana kuogopa, mama. Utaingiza disketi, utaandika WEKA, utafinya kitufe ya Entrée. Bingine mashini itakuambia yenyewe."

Bwana Stanislas, mkuu mpya aliyerithi kiti cha mtu aliyefukuzwa, alikuwa na daftari la kuandika majina ya marafiki wa Wakasai. Siku hiyo ya treni alikuwa Mutshatsha kuhutubia mkutano. Mungu amjalie safari ndefu, Odile alisema moyoni, akaanza na idara ya mgodi uitwao Mashamba. Akaingiza disketi, akaandika WEKA.

Kompyuta, iliyozoea kugomba kwa Kifaransa, ilimwandikia Kiswahili cha nyumbani. "Jambo, mama. Naangalia kama kuko nafasi." Kisha: "Iko. Ngojea kidogo." Kisha: "Orodha ya bale balifukuzwa nimeipata, bantu 64." Odile akacheka peke yake. Swali lilikuja mwisho: "Nani anatoa cheti? Andika jina. Kama unaogopa, finya Entrée tu, mustari utabakia mweupe."

Aliogopa, kwa nini nidanganye. Akafinya.

Cheti cha kwanza kikatoka kizuri, jina na miaka yote ya kazi, na chini: "Kimetolewa na", halafu weupe mtupu. Odile alikuwa amepiga taipu karatasi za kampuni miaka kumi na tano. Alijua karani wa Mbuji-Mayi, huko Kasai, angefanya nini na cheti kisicho na jina la mtoaji: angekitupa. Alijua pia Stanislas angefanya nini na chenye jina. Akapiga moyo konde, akakichana. Akaandika tena WEKA, na alipoulizwa akajibu: KALENGA ODILE.

Kwenye mashine ya tatu umeme wa bwawa la Nzilo ukakatika katikati ya kazi. Ulipokwisha kurudi, Odile alidhani yote yameharibika, lakini akaandika WEKA tena. "Nilifika nusu, mama. Naendelea pale niliachia."

Jamani! Mtu amefukuzwa kama mwizi, naye amekaa juu ya mizigo yake akifikiria umeme utakavyokatika na mama atakavyoshtuka. Hiyo ndiyo kazi. Wenye vyeo wengi huzeeka bila kuifanya hata siku moja.

Saa tisa printa ya saba ilinyamaza. Odile akagonga mihuri, maana muhuri ulikuwa kwenye droo yake, akabeba vyeti mia tatu na kumi na mbili hadi stesheni. Kabeya alisoma chake polepole. Miaka kumi na minane. Macho yakashuka hadi mstari wa mwisho: KALENGA ODILE.

"Mama, nilikuandikia ufinye Entrée tu. Stanislas atakufukuza na weye."

"Nilisoma. Lakini cheti bila jina, kule Kasai nani ataiamini?"

Kabeya akapokea fungu lote la vyeti. Akageuka, akaanza kuita wenzake mmoja mmoja kwa majina yao kamili: Nkongolo, Ntumba, Tshimanga. Kila aliyeitwa alipokea kwa mikono miwili. Saa kumi treni ikaondoka kweli.

Jumatatu Stanislas alimwita Odile. Mezani kulikuwa na cheti kimoja kilichookotwa stesheni.

"Hii jina ni ya nani?"

Odile alikisogeza kwanza, akakinyoosha kwenye kona iliyokunjika.

"Hii jina njo yangu," akasema.