Kindi wa Uani kwa Fundi Idarusi

Mwaka wa hamsini na nne, pale mtaani Usagara, Fundi Idarusi mshona suti alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo alikuwa kindi.

Jirani yake wa ua kwa ua, Bi Mize, mjane wa Kipemba, yeye aliwapenda kindi. Hakuanza kwa kuwapenda. Alianza kwa kukaa katika jiko lake la makuti, akimenya muhogo, akaona kitu chenye mkia kama brashi kikikimbia juu ya ua. Siku ya pili akakiona tena. Siku ya tatu akauacha muhogo, akatoka nje kutazama.

Basi akaanza kuwachunguza. Akajua kwamba hawatoki alfajiri kama kuku, bali husubiri jua lipande kidogo. Akajua kwamba mmoja wao akimwona kipanga hulia chik-chik-chik huku akitikisa mkia, na wengine wote hugandama kwenye matawi usiweze kuwatofautisha na gome la mti. Wakishiba kungu, lozi za mti wa mkungu, zilizobaki huzifukia mchangani, huzipigapiga kwa viganja kama mtu anayetandika kitanda, kisha husahau walipozifukia. Katikati ya mchicha wa Bi Mize ilikuwa imeota miche mitatu ya mkungu ambayo hakuipanda yeye.

"Wasahaulifu kama marehemu mume wangu," alisema peke yake, akacheka mpaka akashika ubavu.

Upande wa pili wa ua, Fundi Idarusi hakuona cha kuchekesha. Alikuwa na mpera mmoja, mapera yake mekundu ndani na matamu ajabu, na kila pera lililokaribia kuiva lilikutwa limeng'atwa upande mmoja na kuachwa.

"Wangekula moja wakalimaliza, ningewasamehe," alilalamika. "Lakini hawa wanaonja! Wanaonja kama wapishi wa arusi!"

"Ati fundi," Bi Mize alimchokoza, "wewe unayetunga uzi kwenye sindano huku umefumba macho, umeshindwa na mnyama wa kuenea kiganjani?"

Fundi akavua miwani, akaipangusa. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili yake ya kukasirika.

"Nipe wiki moja. Kindi hatakanyaga kwangu."

"Akikanyaga?"

"Nakushonea gauni. Asipokanyaga, unanipikia bokoboko la nyama ya mbuzi. Na wiki itaanza nikishamaliza matayarisho."

Wakapeana mikono juu ya ua.

Jumamosi, fundi alizungushia bati shina la mpera. Kindi wakaja, wakateleza mara mbili, wakapanda mkungu mkongwe uliokuwa karibu, wakarukia mpera kutoka huko. Jumapili, fundi akachukua shoka, akalikata tawi la mkungu lililokuwa daraja lao. Mkungu ule ulikuwa na tundu kubwa kwenye shina, na kila shoka lilipotua, kindi jike mmoja alichungulia, akatukana kwa lugha yao, akajirudisha ndani.

"Wiki inaanza kesho!" fundi alitangaza, jasho likimtiririka.

Jumatatu asubuhi Bi Mize alifua. Alifua hata visivyo vichafu. Kisha akafunga kamba ya kuanikia kutoka nguzo ya jiko lake, ikapita juu ya ua, ikafika kwenye msumari uliokuwa juu ya dirisha la nyuma la fundi, pale tawi la mpera lilipokuwa likikwaruza ukuta. Moyoni alijiambia kwamba hadanganyi mtu. Nguo zililowa, na jua la upande ule lilikuwa zuri zaidi.

Kufika saa nne kindi wawili walikuwa wameshavuka juu ya kamba na kurukia mperani. Fundi alikuwa barazani mbele, mgongo kauelekeza uani, cherehani ikipiga kelele. Hakuona kitu. Bi Mize angeweza kumwita pale pale na kudai gauni lake, lakini alitaka fundi awafumanie kwa macho yake mwenyewe. Akaendelea kuanika.

Mchana wa siku ile ile aliona jambo jipya. Kindi jike alitoka kwenye tundu la mkungu akiwa na kitu mdomoni. Bi Mize alidhani ni kipande cha pera. Kumbe kilikuwa na miguu! Kilikuwa kitoto kilichojikunja na kumkumbatia mamaye shingoni kama kitambaa. Shoka la jana lilikuwa limemtia hofu yule mama, alikuwa anahama. Akashuka mbio kwenye shina, akapanda ukuta, akaingia kwenye dirisha la nyuma la Fundi Idarusi. Akatoka mdomo mtupu. Akarudi na cha pili. Halafu akawa anapita na mafungu ya sufi ya kutandikia, safari baada ya safari.

Bi Mize aliuma pindo la kanga asicheke kwa sauti. Kindi kahamia nyumbani kwa fundi mwenyewe!

Jumatano, fundi alikoroga udongo, akaliziba lile tundu la mkungu, akalikandika vizuri kama ukuta. "Nimewafungia mlango," alimwambia Bi Mize kwa fahari.

"Umewafungia, fundi. Hawana pa kwenda."

Chumba kile cha nyuma fundi alikitumia kutundikia nguo zilizokwisha kushonwa, wala hakikufunguliwa mpaka Ijumaa. Saa tisa alasiri alifika Asheri, karani wa shamba la mkonge huko Pongwe, kijana wa Kishambaa, Mlutheri, mpole, ambaye kesho yake angefunga ndoa na Dorkasi. Alikuja kulijaribu koti lake la arusi.

"Shikamoo, Bi Mize," aliamkia alipopita.

"Marahaba, bwana arusi. Mungu akupe heri."

Haukupita muda, ikasikika sauti ya bwana arusi.

"Mamaaa! Kuna panya mfukoni!"

Bi Mize alizunguka ua akikimbia kama msichana. Alimkuta Asheri amesimama katikati ya chumba, amelivaa koti la kijivu, mikono kaitandaza kama anayeogopa kujigusa. Mfuko wa kulia ulikuwa umefura kwa sufi. Fundi alikuwa ameshika ufagio. Juu ya dirisha, kindi mama alipiga kelele, mkia ukichapa huku na huku.

Ndipo kicheko kikamtoka Bi Mize. Alijua wamo chumbani. Hakujua wamo kwenye koti la arusi ya watu.

"Weka ufagio, fundi. Ni watoto."

Alipanua mfuko taratibu. Wawili, macho hayajafumbuka, wamelaliana.

"Nitawatupa nje," fundi alisema, lakini alikuwa amevaa miwani na ameinama, na ufagio ulikuwa umeshuka.

"Ukiwatupa watakufa. Mama yao ana akili, atawachukua mwenyewe. Litundikeni koti, tutoke, tunyamaze."

"Basi la mwisho ni saa kumi na mbili," Asheri alisema kwa unyonge. "Na mimi naoa kesho."

"Utaoa, mwanangu. Twende jikoni kwangu."

Watatu wakabanana nyuma ya ua wa makuti, kila mmoja na upenyo wake wa kuchungulia. Saa kumi ikafika. Kindi mama aliingia, akatoka, akaingia, akakaa dirishani akijikuna kama mtu asiye na haraka. Asheri alikuwa anatafuna kucha. Bi Mize naye alianza kuona vibaya. Angesema tangu Jumatatu, kijana huyu asingekuwa amechutama kwenye majivu.

Mara mama akatoka na kitoto mdomoni. Akapanda juu ya dirisha, akatazama kushoto na kulia, akakanyaga kamba ya nguo, akateleza juu yake kuja moja kwa moja kwenye jiko la Bi Mize, akapotelea katika makuti juu ya vichwa vyao.

Fundi Idarusi akageuza shingo polepole.

"Bi Mize. Kamba ile kaifunga nani?"

"Nilifua, fundi."

"Ulifua lini?"

"Jumatatu."

"Siku ya kwanza ya wiki yangu!"

"Shh!" Asheri aliwakemea wote wawili. "Anarudi kuchukua wa pili!"

Wa pili naye alivushwa salama. Fundi alikimbilia koti, akautoa mfuko mzima, akaushona upya kwa kitambaa kingine, akapiga pasi ya makaa, huku akibwata kuhusu wanawake wa Pemba bila kuinua macho. Asheri alilipata basi lake, kifurushi kifuani.

Jumapili habari zikafika kwamba arusi ilikwenda vizuri, ila bwana arusi alipoinua mkono amvishe pete bibi arusi, fungu la sufi lilimchomoka kwenye mkono wa koti, likaelea, likatua kwenye kanzu nyeusi ya mchungaji. Asheri hakuweza kujizuia. Alicheka madhabahuni, na kila aliyemuuliza sababu hakuamini alichojibiwa.

Fundi alishona gauni, la maua ya buluu, lakini alidai bokoboko vilevile kwa ajili ya kamba. Bi Mize alipika. Haki ni haki.

Wiki tatu baadaye Asheri alikuja na Dorkasi, kwa sababu mke huyu mpya alikuwa amesema hatalala akatulia mpaka awaone hao kindi kwa macho yake. Walikaa jikoni kwa Bi Mize, fundi naye akawa ameegemea ua upande wake, akijifanya anapima utepe. Dorkasi alikuwa wa kwanza kuona. Kichwa kidogo kilitokeza kwenye makuti, macho meusi yamefumbuka, kikatazama dunia, kikarudi ndani upesi. Kisha kikatoka tena, hatua moja, mbili, kikateleza, kikabaki kinaning'inia kwa kucha mbili.

"Shika, shika vizuri!" Fundi Idarusi alipiga kelele, utepe ukamwanguka. "Mguu wa nyuma, wewe! Mguu wa nyuma!"