Kigoda cha Kokoo na Televisheni ya Kesho

Kabla ya likizo ya Agosti, Katoo alikuwa na cheo. Hakikuandikwa popote, wala hakikuwa na beji kama cha kiranja wa bweni, lakini nyumbani kwao Kitengela hakuna aliyethubutu kukigusa. Yeye ndiye aliyekuwa macho ya bibi yake, Kokoo Seleyian.

Kokoo alikuwa na mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na dunia kwake ilikuwa kama imemwagiwa maziwa. Kila jioni aliketi kwenye kigoda chake cha miguu mitatu mbele ya televisheni ya familia, Katoo akaketi sakafuni kando yake akimweleza kinachoendelea. Alimweleza kwa uaminifu wote wa kijana wa kidato cha tatu aliyelelewa na shule ya bweni, yaani hakumweleza ukweli hata chembe. Waziri akikata utepe, Katoo alisema anafungulia mbuzi wa watu. Wachezaji wakikumbatiana baada ya bao, alisema wazee wamewapatanisha kwa ugomvi wa kisima. Kokoo alicheka mpaka shanga zake zikalia, na Katoo hakuomba malipo mengine hapa duniani.

Basi shetani, ambaye hapendi kuona kijana akistarehe, akakodi pikapu na kumletea jirani yao Burale televisheni ya 8K.

Burale alikuwa mchuuzi wa ng'ombe na mbuzi, mtu wa sauti kubwa aliyehama kutoka upande wa Garissa zamani na kufungua duka la nyama Kitengela. Televisheni yenyewe iliingizwa mlangoni kwa ubavu, kama jeneza la tajiri. Maundu, kijana wa duka la vyombo vya umeme aliyekuja kuifunga ukutani, alisimama mbele yake na kutoa mahubiri.

"Mzee, hii ni televisheni ya kesho. Hapa utahesabu nywele za mtu."

"Washa mpira basi."

"Mpira wa 8K bado. Vipindi vyake havijaanza kutengenezwa vizuri. Lakini vikija, wewe utakuwa umekaa tayari."

Burale alimtazama. "Kwa hivyo nimejenga zizi, mbuzi bado hawajazaliwa."

"Watazaliwa, mzee."

Ikawa kweli. Habari za saa moja zilionekana kwenye kioo kile kama zimepigwa picha kupitia chandarua. Kitu pekee kilichostahili ukubwa wake ni filamu fupi ambayo Maundu aliiacha ndani ya flashi, ile ya kuonyeshea wateja dukani: asali ikidondoka, mnara wa vioo, halafu kundi la ng'ombe wakipanda mlima wa majani mabichi. Ikiisha, inaanza tena. Katoo aliposikia habari hizo aliona haki imetendeka. Jirani amenunua televisheni kubwa kuliko mlango ili atazame asali.

Hakujua kwamba Fosiya, mkewe Burale, angemwalika Kokoo chai.

Katoo mwenyewe ndiye aliyebeba kigoda siku hiyo, maana Kokoo hakupenda kukaa kwenye matandiko ya chini yaliyozunguka ukuta wa sebule ile. Akakiweka karibu na televisheni, kwenye zulia jekundu la Fosiya, nene kama manyoya ya kondoo. Asali ikadondoka. Mnara ukapita. Ng'ombe wakaja, wakubwa kama walivyo malishoni, na Katoo akafungua kinywa kusema kwamba hao ni wanawake wa kanisa waliovaa ngozi.

"Nyamaza," Kokoo akasema.

Akainama mbele. Mkono wake ukapanda polepole, kidole kikaelekea kwenye kioo.

"Huyo mwekundu kwato zimerefuka. Hawamtembezi. Na huyo wa nyuma yuko na mimba, lakini pua yake ni kavu. Nani anachunga hapa?"

Burale akaweka kikombe chini. "Kokoo, huyo mwekundu mimi ningemnunua hivyo hivyo."

"Ungenunua kwa sababu wewe ni mtu wa nyama. Mimi namtazama kama mtu wa maziwa. Ona kiwele."

"Kiwele kiko sawa."

"Kiko sawa upande huu. Ngoja ageuke."

Ng'ombe akageuka. Burale akashika ndevu na kukubali kushindwa.

Kuanzia hapo Kokoo alikwenda kila alasiri. Filamu ilikuwa ile ile, ng'ombe wale wale, lakini yeye na Burale waliwapigia bei, wakawachambua koo zao, wakagombana juu ya ndama mmoja hadi chai ikapoa. Na kama hilo halikutosha kumvunja mtu moyo, kulikuwa na Mowlid.

Mowlid alikuwa mtoto wa Burale, rika la Katoo, msomi wa shule ya kutwa, mwenye adabu kiasi cha kuudhi. Alimwinamia Kokoo kichwa aguswe, kama mtoto yeyote wa Kimaasai. Kokoo alipouliza jambo, Mowlid alimjibu lilivyo.

"Mlima huu uko wapi? Na hizo kengele shingoni ni za nini?"

"Uswisi, Kokoo. Kengele ni za kuwatafuta wakipotea kwenye ukungu."

"Hata sisi tunawafunga kengele." Kokoo akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu kijana anasema kitu unaweza kukishika."

Katoo alisikia neno hilo likimwingia na kukaa. Miaka yote ile ya mbuzi wa waziri na ugomvi wa kisima, na hakuna siku aliyoambiwa kwamba maneno yake yanashikika. Alimtazama Mowlid, meno yake meupe, kanzu yake iliyopigwa pasi, na akatamani ng'ombe wa Uswisi washuke kutoka kwenye kioo wamkanyage.

Sasa, elimu ya bweni ina faida zake. Katoo alikumbuka somo la fizikia lililomkuta macho kwa bahati: kwamba vitone viwili vilivyokaribiana, ukivisogelea unaviona viwili, ukienda mbali vinakuwa kimoja. Ajabu yote ya televisheni ya kesho iko kwa anayekaa karibu. Aliye mbali hana tofauti na maskini wenzake. Na kigoda kilikuwa kinabebwa na nani?

Kesho yake Katoo alikiweka nyuma kidogo ya pale pa jana. Keshokutwa, kidogo tena. Sebule ya Burale ilikuwa ndefu kama ukumbi, na Burale mwenyewe aliegemea matandiko yake ya kawaida, macho kwenye ng'ombe. Siku moja tu Fosiya aliuliza mbona Kokoo anakaa karibu na mlango.

"Feni inampiga mgongo, mama," Katoo alisema, kwa uso wa mtumishi wa altare.

Dawa ikafanya kazi. Kokoo akaanza kufinya macho. Burale alipotaja bei alijibu kwa kuchelewa, halafu akaacha kujibu. Alasiri moja akainamisha kichwa upande wa Katoo, kama zamani.

"Ni nini hicho kinapita?"

Katoo akavuta pumzi ya mtu aliyerudishiwa shamba. "Ni mwenye ng'ombe, Kokoo. Amepoteza suruali. Anauliza ng'ombe mmoja mmoja."

Kokoo alitabasamu, lakini shanga hazikulia. Katoo hakulitilia maanani. Mfalme aliyerudi kitini haanzi kwa kukagua mito.

Jioni moja alikuwa ameketi jikoni akimenya viazi, adhabu ya kosa lingine ambalo halihusiki hapa, aliposikia mama yake, Rebecca, akizungumza na Kokoo uani. Rebecca alikuwa amehangaika muda mrefu kupata nafasi ya Kokoo kupasuliwa macho hospitalini Kajiado. Kokoo alikataa mwaka mzima, hadi alipowaona ng'ombe wa kwenye televisheni ya Burale, ndipo akasema twende.

"Mwambie daktari asinisubiri," Kokoo alikuwa anasema.

"Mama, siku yenyewe iko karibu. Si ulikubali?"

"Nilikubali nikifikiri ndani kuna kitu kimebaki. Nimekuwa nikijipima kwa wale ng'ombe. Kila siku wanaenda mbali zaidi. Macho yameisha, Rebecca, hakuna cha kupasua."

"Daktari hajasema hivyo."

"Daktari hakai ndani ya macho yangu. Na umwite Lemein atoke boma aje. Nataka kumwachia ng'ombe zangu. Mtu asiyeona ng'ombe zake si mwenye ng'ombe. Ni mgeni anayeletewa maziwa."

Kisu kilisimama ndani ya kiazi. Lemein alikuwa mwanawe Kokoo wa mwisho, aliyechunga ng'ombe zake kule nje ya Kajiado, na hakuna ndama aliyeuzwa kabla Lemein hajapiga simu kuomba ruhusa. Kokoo alizifahamu zote kwa sauti, kwa harufu, kwa kupapasa pembe. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema neno kuachia.

Katoo alitafuta njia ambayo ingerekebisha mambo bila yeye kuguswa. Kwa kawaida njia kama hizo hazikumpiga chenga, lakini hii moja ilikataa kujitokeza. Hapakuwa na la kufanya ila kurudisha kigoda mahali pake na kuomba mbingu watu wasahau kufikiri.

Kokoo hakutaka kwenda alasiri iliyofuata. Katoo alimbembeleza mpaka akachoka kukataa. Katoo akaingia na kigoda sebuleni mwa Burale, akapita mlango, akapita katikati ya zulia, akaenda mpaka mbele kabisa na kukiweka kigoda pale pa siku ya kwanza. Kokoo akaketi, mikono mapajani, uso wa mtu aliyekuja kuhani matanga.

Ng'ombe wakatokea.

Yule mwekundu akapita na kwato zake ndefu. Ndama wa ugomvi akapita.

"Leo wanaonekana," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Labda stima leo iko na nguvu," Burale akasema kwa furaha.

"Labda ni maombi," akaongeza Katoo.

Hapo alikosea. Kokoo aligeuza kichwa upande wake, polepole.

"Macho hayaponi kwa usiku mmoja. Maji yakikauka kisimani halafu yakarudi asubuhi, kuna mtu alikuwa ameyaziba juu."

Akashuka kutoka kwenye kigoda, akapiga magoti, na kuanza kupapasa zulia. Fosiya alitaka kumwinua, Burale akamzuia kwa mkono. Vidole vya Kokoo vilipita kwenye manyoya mekundu hadi vikaingia kwenye kishimo. Vikatafuta, vikapata cha pili, vikapata cha tatu.

"Miguu mitatu," akasema.

Akasogea nyuma. Vishimo vingine vitatu. Akasogea tena. Mwanamke aliyewahi kufuata nyayo za mtamba aliyepotea kutoka Kajiado hadi karibu na Magadi hakuhitaji macho kwa kazi hii. Alitambaa zulia zima, kituo kwa kituo, na watu wote sebuleni wakamfuata kwa macho, huku nyuma yao asali ikidondoka bila mtazamaji.

"Kumbe ni hayo," Fosiya alinong'ona. "Mimi nilikuwa nalaumu paka."

"Mnyama huyu anarudi kinyumenyume," Kokoo akasema alipofika karibu na mlango. "Kila siku kidogo. Na hatembei mwenyewe, hakuna alama ya kuburuta. Anabebwa." Akakaa chini, akapangusa mikono. "Katoo."

"Eeh, Kokoo."

"Kigoda changu hubebwa na nani?"

Katoo alitazama dari. Dari haikuwa na msaada.

"Na mimi."

"Kwa nini?"

Uongo ulikuja, mzuri, umekamilika, wenye feni na mgongo ndani yake. Aliuona na akauacha upite.

"Uliacha kuniuliza," akasema. "Ulikuwa unamuuliza Mowlid. Ukasema maneno yake yanashikika."

Mowlid aliangalia vidole vyake vya miguu. Hata kuaibika alijua kuaibika kwa adabu.

Kokoo akapangusa tena mikono, na filamu ikaanza upya.

"Mimi nimeibiwa ndama," akasema. "Nimeibiwa mbuzi, na siku moja hata mbwa. Macho sijawahi kuibiwa, na aliyeiba nimemlea mimi." Akanyoosha mkono ainuliwe, na ni Fosiya aliyemwinua. "Rebecca aambiwe asimwite Lemein. Daktari anisubiri. Na hili zulia, huyu ataliosha."

Kwa hiyo Katoo akaliosha zulia la Fosiya, uani, kwa sabuni na brashi, jua likimpiga kisogoni. Zulia nene likinywa maji huwa zito kama fahali. Mowlid akaja bila kuitwa, akakunja kanzu, akashika upande wa pili.

"Mimi ningefanya hivyo hivyo," Mowlid akasema baada ya muda.

"Usinidanganye."

"Kweli, singefanya."

Katoo akamrushia povu. Mowlid alikuwa mtu asiyeweza kudanganya hata kwa huruma, na hilo nalo lilikuwa la kumwonea kijicho.

Walimpasua Kokoo jicho la kulia. Asubuhi iliyofuata, muuguzi alipokuja kutoa bandeji, Rebecca alisimama upande mmoja wa kitanda na Katoo upande wa pili. Mowlid alisimama mlangoni na chupa ya chai, maana Fosiya hakukubali mgonjwa anywe chai ya watu asiowajua.

Kokoo alipepesa jicho. Akatazama ukuta. Akatazama mkono wake mwenyewe, mbele na nyuma, kama kitu alichoazimwa. Akamtazama Rebecca na kumwambia amekonda. Kisha Katoo akainamisha kichwa aguswe, na Kokoo, badala ya kukigusa, akamshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Alimtazama kipande kwa kipande, hana haraka, kama anavyotazamwa mnyama sokoni.

"Kumbe una chunusi nyingi hivi," akasema.

"Ni umri, Kokoo."

"Na hili sikio moja limekaa chini kuliko lingine." Akamwachia. "Si kitu. Wewe ni wangu hivyo hivyo. Na yule mlangoni ni nani?"

"Mimi Mowlid, Kokoo."

"Njoo hapa karibu."

Mowlid akasogea, akainamisha kichwa. Kokoo alimtazama kwa muda ambao, kwa maoni ya Katoo, ulizidi mahitaji ya matibabu.

"Sidai," akasema Kokoo taratibu, neno analomwambia mtu mzuri au ng'ombe mzuri. "Rebecca, umemwona huyu kijana vizuri? Mama yake alifanya kazi."

Katoo akaelekeza macho dirishani. Lilibaki jicho la kushoto, na daktari alikuwa ameshasema litapasuliwa kabla likizo haijaisha. Kwa mara ya kwanza tangu aanze bweni, akaomba kimoyomoyo shule ifunguliwe mapema.