Ukoko wa Nusu kwa Nusu

Mume wangu ana digrii mbili na hajui kuosha sufuria. Nalisema hili mapema ili usije ukashangaa huko mbele.

Kiwandani wanamwita Nusu-kwa-Nusu, naye anadhani ni sifa. Yeye ndiye meneja wa makaa ya mawe, anaamua boila, tanuri la kuchemshia maji ya mvuke, ichome makaa gani. Mimi niko maabara, chini yake, napima majivu. Kaka yangu mkubwa ni fundi wa boila. Ugomvi wa nyumbani huamkia kazini ukiwa umevaa sare.

Tulikuwa na makaa ya aina mbili. Majivu ya aina ya kwanza yalikuwa karibu udongo wa mfinyanzi mtupu, ya aina ya pili yamejaa chokaa. Kazi yangu ni kufinyanga koni ya majivu, ndogo kama ncha ya kidole, kuitia kwenye tanuri la maabara na kutazama joto gani litaiangusha. Koni zote mbili zilisimama wima kwenye moto mkali, hazikuyeyuka. Mume wangu alipoona matokeo akatabasamu kama aliyezipika yeye. Ghala la makaa ya chokaa lilikuwa limefurika, akaagiza yachanganywe nusu kwa nusu.

"Nipe na mchanganyiko wenyewe niupime," nilimwambia.

"Mama watoto, yote mawili yamefaulu. Watoto wawili waliofaulu, ukiwakalisha dawati moja watafeli?"

Wasaidizi wake walicheka, maana hiyo ndiyo kazi yao. Mimi nikaenda kupima kivyangu. Koni ikainama mapema mno, ikalala, ikageuka tone linalong'aa. Chokaa ikikutana na udongo ule, vyote viwili huyeyuka kwenye joto ambalo kila kimoja peke yake kingelivumilia bila shida. Nilimpelekea lile tone kwenye kisosi. Akaliangalia, akaniuliza kama ni kifungo cha blauzi yangu.

Boila haikuwa na muda wa mizaha. Majivu yalipaa na moto yakiwa yameyeyuka, yakagusa mabomba ya maji, yakanata na kuganda, tabaka juu ya tabaka. Mafundi wanaliita ukoko. Joto likashindwa kuyafikia maji, mvuke ukapungua, mashine zikalegea, hatimaye boila ikazimwa. Ndani, juu kabisa, ulibaki unaning'inia ukoko mkubwa kama kabati la nguo.

Ndipo mume wangu akatushukia mimi, kaka na mafundi kwenye chumba cha boila, na kofia ngumu isiyo na hata mkwaruzo mmoja.

"Shemeji," alimwambia kaka, "ingia na mtaimbo uuangushe. Mkurugenzi anataka mvuke kesho."

"Ukoko bado una moto, shemeji. Ukipoa unasinyaa, unaachia wenyewe. Uache udondoke kwanza, ndipo tuingie."

"Nyie hamkupuliza masizi kwenye mabomba ipasavyo, ndiyo maana tumefika hapa. Hivyo ndivyo nitakavyomwambia mkurugenzi. Ila ukiusafisha leo, nitatafuta maneno mengine."

Kaka ana watoto shuleni na hana kazi nyingine. Akaokota mkanda wa usalama, akaanza kuufunga kiunoni. Hasira ikanipanda.

"Subiri, kaka," nilisema. "Baba watoto, ingia naye. Hutashika mtaimbo, mshikie taa tu."

Mume wangu akautazama mlango wa boila, tundu ambalo mtu hupita kwa kutambaa, akalitazama giza la ndani, akarekebisha kofia.

"Mimi nina familia," alisema.

Alilisema hilo mbele yangu, na mbele ya mjomba wa watoto wake. Nimeishi naye miaka mingi nikimchukulia kuwa ni mtu wa kujisikia tu, lakini pale nilimdharau kabisa, bila hata kumwonea huruma. Kaka alifungua mkanda taratibu, akauweka chini.

"Na mimi ninayo," alisema. "Basi tusubiri wote."

Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza ameinua kidole, tuliposikia kitu kikikwaruza ndani, juu. Ukoko ukaachia. Sakafu ikatikisika, na mlangoni likafumuka wingu la majivu ya moto likatufunika sote.

Vumbi lilipopungua nilifungua macho. Mbele yangu alikuwa kaka, ameugeuzia mlango mgongo, amenikinga kwa mwili wake. Mume wangu alikuwa amejibanza nyuma yangu, amenishika mabega yote mawili.